Faustina Mpya

Mjini Swedru, ukiulizia nyumba ya Kobina Amissah utazungushwa mpaka uchoke. Ukiulizia kwa Faustina, hata kichaa wa sokoni atakupeleka mpaka mlangoni. Na mlangoni utamkuta mwanamume wa makamo, kifua wazi, ndevu hajazinyoa, anakula kenke, madonge ya unga wa mahindi, kwa samaki wa kukaanga, na mkewe Tawiah kamkalia mkabala akimsimanga kwa kumaliza pilipili yote. Huyo ndiye Faustina. Huyo ndiye aliyewaliza wanawake kutoka pwani mpaka kwenye mashamba ya kakao kwa karibu miaka ishirini, na ndiye aliyewatia wazimu wanaume wenye wake na wajukuu, wakawa wanamtumia salamu za mapenzi kupitia kwa mpiga ngoma.

Siku hizi nasikia kazi ya jukwaani ina vyuo, na watu wanapewa vyeti vya kutundika ukutani. Haya, hongera zao. Enzi zile, aliyetaka kuimba na kuigiza alimwendea mkuu wa bendi na chupa ya pombe ya jini. Matone yakamwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia, iliyobaki wakainywa waliokuwepo, na kuanzia hapo mgeni akawa mbeba ngoma. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Michezo haikuandikwa popote. Ilikaa kichwani mwa Bosi, na Bosi aliibadilisha kila alipojisikia. Mwanafunzi alisimama nyuma ya pazia akatazama, akatazama tena, mpaka siku mmoja wa waigizaji ameangushwa na malaria, ndipo anasukumwa jukwaani vivyo hivyo alivyo.

Kobina alikuwa kijana mwembamba, shingo ndefu, na Bosi wa wakati ule alipomwona tu akasema, "Wewe ndiye mwanamke wetu." Maana katika bendi zetu, mwanamke alikuwa mwanamume. Akatumwa sokoni kukaa na wauza vitunguu. Aliwabebea magunia, akawafukuzia mbuzi, akatukanwa, huku macho yake yakifanya kazi. Alijifunza kufunga kitenge kisidondoke mtu akiruka, kugombana kwa midomo bila kutoa sauti, na kucheka akiwa amefunika mdomo kwa ncha ya kitambaa. Mwendo aliuchukua kwa mama yake mzazi, aliyekuwa akiburuta nyonga moja kidogo. Sauti akaitengeneza mwenyewe, nyembamba ya kupanda juu, inayotetemeka mwishoni. Alipomaliza, Faustina alikuwa amezaliwa.

Mchezo wao mkubwa ulikuwa wa yatima. Faustina kafiwa na mama, mama wa kambo anamtesa, anamnyima chakula, anamfukuza. Anapiga magoti katikati ya jukwaa anaimba wimbo wa kumwita marehemu mama yake, na hapo ndipo ungejua watu wetu wana moyo wa namna gani. Wanawake walitoka kwenye viti wakapanda jukwaani kumpa mkate. Wengine walimbandika sarafu kwenye paji la uso. Hakosi mama mmoja wa kumkumbatia na kupiga kelele, "Mwacheni! Huyu ni binti yangu!" Anamtukana mama wa kambo mpaka ashushwe kwa kubembelezwa, na waliobaki chini wanashangilia. Walijua fika ni mchezo, lakini walilia kama wamefiwa wao.

Kisha kulikuwa na kufunua. Wimbo wa mwisho ukiisha, Faustina anasogea mbele, anafungua kitambaa, anavua wigi, anaonyesha upara wake unaong'aa, na kwa sauti nzito ya mwanamume anasema, "Haya, wanaume, nendeni makwenu. Wake zenu wanawangoja, na mimi mke wangu ananingoja." Lo! Kicheko cha watu kilisikika mpaka barabara kuu. Kulikuwa na watu waliokuja kwa ajili ya hapo tu. Walileta marafiki kutoka vijijini, wakabishana nao tangu mwanzo kama yule ni mwanamke au mwanamume, na walioshindwa wakanunua pombe.

Taabu ilianza bendi moja ya Takoradi ilipompata mwanamke wa kweli. Habari zikaenea kama moto, na Bendi ya Kakum, yaani bendi ya kina Kobina, ikaanza kupigia viti vitupu. Bosi wa sasa alikuwa Ampiah, mchekeshaji mwenye tumbo kubwa. Yeye na Kobina walianza kubeba ngoma pamoja, wakalala mkeka mmoja, wakaugua upele mmoja. Kwa hiyo alipokuja nyumbani kwa Kobina akiwa amevaa shati la kanisani, Kobina alijua jambo limefika.

"Kobina, ndugu yangu, magoti yako vipi?" Ampiah alianza.

"Magoti yangu yana nini?"

"Juzi ulipopiga magoti kwa wimbo, ilibidi mimi nikuinue. Watu walidhani ni kichekesho. Mimi sikucheka."

"Sema kilichokuleta, Ampiah. Tumbo lako linaona haya kabla yako."

Kilichomleta kilikuwa kimesimama nje. Msichana mrefu, mweusi wa kupendeza, kashika viatu vyake mkononi kwa sababu ya tope. Jina lake Aba Ewusiwa, binti wa Mama Benyiwa muuza kenke. Ampiah alitaka Kobina amfundishe awe Faustina. Akiweza, Kobina atakaa langoni kuchana tiketi na kula kama kawaida. Asipoweza, basi, mambo yabaki yalivyo.

Sikiliza hapo mwisho, maana Kobina aliusikia vizuri sana: asipoweza, mambo yabaki yalivyo.

"Na wewe, unataka nini kwenye kazi hii?" Kobina alimwuliza msichana. "Wakikuona jukwaani watakuita malaya, unajua?"

"Wananiita Binti-kenke tangu nizaliwe, mjomba," Aba akajibu bila kupepesa macho. "Nataka siku moja niimbe, nimalize, na watu waulizane, 'Yule nani?' Wajibiwe, 'Hujui? Yule ni Aba Ewusiwa.' Basi. Baada ya hapo waniite wanavyotaka."

Kobina alicheka, na kicheko hicho kilimuudhi mwenyewe, kwa sababu alikwisha kumpenda yule mtoto.

Ikabaki mama. Mama Benyiwa alikuja kwenye ua wa bendi na mwiko wa kusongea kenke mkononi, na wapiga gitaa wote wakakumbuka wana shughuli kwingine. "Nani anayemtaka mwanangu akatikise makalio mbele ya walevi? Atoke nimwone!" Ampiah akajificha nyuma ya ngoma kubwa, ngoma isimtoshe. Kobina peke yake ndiye aliyemkabili. Alimwita dada, akamkalisha, akamweleza kwamba yeye mwenyewe kapanda majukwaa yote hayo na kashuka salama.

"Wewe una kitu gani cha kuibiwa?" mama akamkata.

"Dada, sikia. Mimi ndiye mwalimu wake. Hakuna mkono utakaomgusa mwanao jukwaani, ila mkono wa kumpa mkate. Nakuapia kwa kaburi la mama yangu."

Mama Benyiwa akainuka. "Siku atakayopanda, nami nitakuwepo," akasema. "Nitakaa mbele kabisa, nikuone ukitimiza." Akaondoka na mwiko wake.

Mafunzo yakaanza, na majirani wakapata cha kuwachekesha.

"Tembea kama mwanamke," Kobina alisema.

"Mjomba, mimi ni mwanamke."

"Hapo hujatembea, umekwenda tu. Mwanamke wa jukwaani anatembea mpaka aliyeketi nyuma kabisa, asiye na miwani, aseme, 'Mwanamke yule!' Buruta nyonga ya kushoto. Kidogo! Si kama umevunjika!"

Tawiah alikuwa kibarazani akichambua samaki wa kukausha, machozi ya kicheko yanamtoka. "Baba Ekua, utamfundisha na kuzaa?"

"Nyamaza wewe. Ulipoolewa ulijua hata kufunga kitenge?"

"Nilijua. Wewe ndiye uliyekuwa unakivaa."

Aba alikuwa mwepesi, mwepesi wa kutisha. Ukimwonyesha jambo asubuhi, jioni anakurudishia likiwa limeoga na kupakwa mafuta. Alibeba mwendo, akabeba jicho la kando, akabeba kilio kinachoanza na pumzi kabla ya sauti. Siku moja wamepumzika, Kobina alimwonyesha kwa mchezo tu namna ya kufunua, akashusha sauti: "Wake zenu wanawangoja, na mimi mke wangu ananingoja." Aba akairudisha papo hapo, kwa sauti nzito zaidi ya Kobina, kifua mbele, mikono kiunoni kama polisi. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Hiyo hutaihitaji," Kobina akamwambia alipopata pumzi. "Wewe huna cha kufunua."

Tatizo lilikuwa sauti. Sauti ya Aba ilikuwa ya chini, pana, yenye mkwaruzo kidogo. Kobina hakuijua hasa mpaka asubuhi moja alipopita nyuma ya nyumba akamkuta anafua nguo za bendi, anaimba wimbo wa yatima kwa sauti yake mwenyewe, mikono ndani ya povu. Hakuutetemesha mwisho. Aliuimba tu kama anamweleza mama yake mambo yaliyotokea nyumbani tangu aondoke. Kobina alisimama pale na ndoo yake mpaka mkono ukafa ganzi. Karibu miaka ishirini alikuwa akiuimba wimbo ule, na ile ndiyo mara ya kwanza kuusikia. Wivu ulimpanda. Acha niseme waziwazi, wivu ulimpanda mpaka kooni, na nyuma yake ikafuata hofu.

"Sauti hiyo ya kanisani," alimwambia Aba mchana wake. "Jukwaani haifai. Ipandishe. Iwe nyembamba, itetemeke. Kama mimi."

"Inaniumiza koo, mjomba. Na si ya kwangu."

"Unataka kuwa Faustina, hutaki?"

Akaipandisha. Kobina alijiambia kwamba ndivyo kazi ilivyo, kwamba yeye naye alifundishwa kwa kukatazwa. Yalikuwa maneno mazuri, na aliyarudia mara nyingi kuliko yanavyorudiwa maneno ya kweli.

Ikapangwa onyesho la kwanza la Aba lifanyike Oda, mahali ambapo hakuna anayemjua, alasiri ya Jumapili ya sikukuu, uani kwa nyumba moja ya wageni. Siku chache kabla, bendi ilipokutana, Ampiah akatoa mpango wake, macho yanamcheka. Hawatatangaza kuwa Faustina mpya ni mwanamke. Waache watu wadhani ni dume kama siku zote. Mwishoni, wakati wa kufunua, Aba atafungua kitambaa, na badala ya upara, lahaula, nywele za kweli zilizosukwa! "Watazimia," Ampiah akasema. "Wa Takoradi wanatangaza mwanamke kuanzia asubuhi, nani atashangaa? Sisi tutawapiga la uso. Au vipi, Kobina?"

Kobina aliwajua watu wa Oda. Alijua kwamba nywele haziwezi kuwathibitishia kitu, kwa sababu kila mtu anajua wigi. Alijua kwamba kufunua ni haki yao, wamelipia, na wasipofunuliwa watafunua wenyewe. Miaka ya nyuma, hapohapo Oda, alichelewa kuvua wigi na mlevi mmoja akapanda, akamtia mkono kifuani, akatoa tambara moja, akatoa la pili, akayapunga juu, na ua mzima ukaanguka kwa kicheko. Kobina naye alicheka. Yaliyoibiwa pale yalikuwa matambara tu.

Alipaswa kusema, "Tangaza, Ampiah. Gari likizunguka mjini asubuhi, tangaza kwamba leo ni mwanamke." Maneno mafupi tu. Alifungua mdomo. Akamwona Aba anafunga viatu vyake vya mchuchumio, shingo imenyooka, kama Faustina kabisa. Akakumbuka: asipoweza, mambo yabaki yalivyo.

"Wewe ndiye Bosi," akasema.

Usiku Tawiah alimwuliza, "Umemwambia Ampiah habari za yule mlevi?"

"Ampiah si mtoto. Alikuwepo."

"Alikuwa amelewa kuliko huyo mlevi. Umemwambia?"

Kobina akageukia ukutani, akajifanya amelala.

Basi Oda wakaenda. Lori lilizunguka mjini asubuhi, ngoma zinalia, Ampiah kajipaka chokaa midomoni anapiga kelele, "Faustina mpya! Kijana kuliko wa zamani! Njooni mtongoze mkome!" Ua ukafurika. Mama Benyiwa, aliyesafiri na bendi akiwa amekaa juu ya sanduku la vyombo bila kumsemesha mtu, alishika kiti cha mbele kabisa. Kobina alikaa langoni na tiketi zake. Kutoka pale aliona jukwaa vizuri, juu ya vichwa vya watu.

Na Aba akatia fora. Sina namna nyingine ya kulisema. Alipoingia akiburuta nyonga kidogo, watu walipiga miluzi. Mama wa kambo, ambaye alikuwa mpiga tarumbeta mwenye masharubu, alipomnyang'anya sahani, mwanamke mmoja alirusha kiatu. Alipopiga magoti na kuimba, sauti nyembamba, inayotetemeka, wanawake walipanda na mikate, wakambandika sarafu, mmoja akamkumbatia akasema ni binti yake. Kobina, langoni, aliona kila kitu chake kiko pale mbele kinatembea bila yeye. Wanaume waliokaa karibu naye walikuwa wanabishana.

"Hilo ni dume. Tazama mabega."

"Dume gani lina shingo ile? Nakununulia pombe wiki nzima."

"Subiri afunue."

Wimbo wa mwisho ukaisha. Aba akasogea mbele, akafungua kitambaa. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri, zimepakwa mafuta. Akatabasamu, akangoja wazimie.

"Wigi!" mtu akapiga kelele. Watu wakacheka. "Vua na wigi!"

Aba akashika msuko mmoja akauvuta, kuwaonyesha kwamba umeota kichwani. Wakaona ni kichekesho kipya, wakashangilia. "Vua! Vua! Vua!" Ua mzima ukaitikia kwa makofi. Ampiah akasimama na kinywa wazi, chokaa yote midomoni. Mwanamume mmoja mwenye kofia akapanda, akashika nywele akavuta kwa nguvu, na kichwa cha Aba kikaenda nyuma. Wa pili akapanda. "Matambara yako kifuani!" akasema huku anawageukia watu, kama yeye ndiye mchekeshaji. "Ngoja niwatolee!" Akamtia mkono.

Mama Benyiwa alikuwa amekwisha simama. Alipanda jukwaani bila ngazi, sijui vipi, mwanamke mnene vile. "Mwacheni!" alipiga kelele. "Mwacheni! Huyu ni binti yangu! Nimemzaa mimi!"

Watu wakalipuka kwa kicheko na makofi. Mwingine tena! Wanawake wawili wakampandia kwa huruma, wakamshika mabega wakambembeleza, "Basi mama, basi, ni mchezo tu, basi," wakamshusha huku anarusha mateke. Mmoja akampa mkate.

Kobina alimwaga tiketi zote chini akakimbia. Magoti yake mabovu yalimfikisha hivyo hivyo. Alipanda akamsukuma yule mwenye kofia, akapanua mikono mbele ya Aba. "Ni mwanamke!" akasema. "Jamani, nawasihi, ni mwanamke kweli! Ni mtoto wa watu!"

Kisha mtu akamtambua. "Faustina! Faustina wa zamani!" Ua ukasimama wote kwa furaha. Faustina mzee na ndevu zake, anamlilia Faustina kijana! Mchezo gani huu! Wakamrushia sarafu. Kobina alikuwa analia machozi ya kweli, na kadiri alivyolia ndivyo walivyocheka, kwa sababu alilia vizuri, kilio kinachoanza na pumzi. Mtu aliyeapa kwa kaburi la mama yake alikuwa amesimama pale na hakuna aliyemwamini hata neno moja, na yule wa pili bado ameshika mkanda wa gauni la Aba, anavuta.

Ndipo Aba aliposema. Alishusha sauti, akaishusha mpaka kwake mwenyewe kabisa, chini kule kwenye mkwaruzo.

"Toa mkono wako, bwana."

Yule mtu akauachia mkanda kama umemuunguza. Aba alikuwa anatetemeka. Kobina, aliyekuwa karibu, aliliona gauni lote likitetemeka. Alikunja ngumi akaziweka kiunoni, akatanguliza kifua.

"Haya, wanaume," akasema, kwa sauti ile ile nzito. "Nendeni makwenu. Wake zenu wanawangoja, na mimi mke wangu ananingoja."

Kobina hakuwahi kupata kicheko cha namna ile katika maisha yake yote. Watu walipiga viti, walikumbatiana, walioshinda ubishi wakadai pombe yao hapo hapo. "Nilikwambia! Dume!" Mwenye kofia alimpa Aba mkono, mwanamume kwa mwanamume, akamwomba radhi kwa kumvuta nywele. Wakaondoka wameridhika.

Nyuma ya pazia Aba alikaa juu ya ngoma, mama yake kamfunika kitenge. Hakuna aliyelia. Kobina alipiga magoti mbele yao.

"Ulijua," Aba akasema.

Kobina akaanza kuokota sarafu zilizomdondoka Aba.

"Nakuuliza, mjomba. Ulijua watafanya vile?"

"Nilijua," akasema.

Mama Benyiwa hakumtukana. Alitazama mkate aliopewa, ambao bado alikuwa nao mkononi, akauweka taratibu juu ya magoti ya Kobina. Kisha akamwambia binti yake, "Usijulikane tena huko jukwaani kuwa wewe ni mwanamke. Wakidhani wewe ni mwanamume, hakuna atakayekushika. Na mimi nitaishi na majirani zangu bila kusemwa."

Ampiah, akipangusa chokaa, alikubali kwa mikono miwili. Ilikuwa na faida kuliko mpango wake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Faustina mpya alivuma kuliko wa zamani, mpaka bendi ya Takoradi ikasahauliwa. Aliposhuka jukwaani alivaa suruali na kofia, akapita katikati ya watu akipigwa mabega. Kule Swedru, ukimwuliza Mama Benyiwa habari za Aba, atakwambia yuko na wale wa bendi, anawapikia na kuwafulia. Na kweli alifua. Kobina alikuwa akipita nyuma ya nyumba asubuhi na ndoo yake, anasikia nguo zinasuguliwa, maji yanamwagwa, basi. Aba hakuimba tena akifua. Na hakumwita tena mjomba. Walipokuwa na jambo la kuambiana, alilituma kupitia kwa Tawiah.

Langoni, karibu kila jioni, hakosi mgeni wa kumwinamia Kobina wakati anachaniwa tiketi, na kumwuliza kwa kunong'ona, maana wamebishana na wenzake njia nzima.

"Mzee, wewe unawajua hawa. Huyo Faustina wenu, ni mwanamke au mwanamume?"

Na Kobina, aliyeapa kwamba hakuna mkono utakaomgusa, anamtazama mgeni usoni.

"Ni dume," anasema. "Nimemfundisha mwenyewe."

"Jina lake nani?"

"Hana jina jingine. Ingia, wanaanza."